Tukijenga mfereji kwa michango yetu, mpangaji atabaki mtaani kuufaidi?

Mpangaji wa Bondeni (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limeugawa mtaa wetu tangu masika yaliyopita, na ambalo naamini linaigusa mitaa mingi ya miji yetu.

Mtaa wetu uko Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaomwaga maji yake Bonde la Msimbazi. Haukupimwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia vyumbani mpaka usawa wa godoro, vyoo vya shimo hufurika, na wapo wanaoisubiri mvua hiyohiyo ili watapishe vyoo vyao, kwa sababu hawana fedha za kuita gari la majitaka. Kamati ya wakazi, ambayo mimi ni katibu wake, imependekeza tuchange fedha na nguvu kazi, tujenge mfereji wa kupokea maji ya barabarani, kisha tuiombe manispaa itusaidie kalavati na saruji. Wenye nyumba wengi wamekubali. Wapangaji, ambao ndio wengi zaidi mtaani, wanasita. Katika mkutano wa mwisho mama mmoja anayeuza vitumbua alisimama akauliza: "Mkishamaliza mfereji wenu, kodi itabaki ileile?" Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe ni mpangaji, na sikuwa na jibu.

Kabla ya kuwaachia swali hilo, nieleze kwa nini naona mfereji ni kazi ya kupunguza umaskini, maana wapo waliosema mkutanoni kwamba fedha hizo zingefaa zaidi zikigawanywa kama mitaji ya biashara ndogondogo.

Umaskini wa mjini una sura mbili, na sisi tumezoea kuitazama moja. Ya kwanza ni kipato kidogo. Ya pili ni kwamba mwenye kipato kidogo hukilipia kitu kilekile bei kubwa kuliko mwenzake mwenye nafasi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwetu ndoo ni shilingi 100, kwa hiyo uniti hiyo inatugharimu shilingi 5,000, ilhali aliyeunganishiwa bomba na mamlaka ya maji anailipia chini ya nusu ya hapo. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi hakipatikani kwa shilingi 50,000: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja, hivyo anayehamia lazima awe na 350,000 mkononi. Asiyekuwa nazo hukopa, na wanaokopesha haraka bila maswali ndio hao ambao mikopo yao tumeipa jina la kausha damu. Mafuriko nayo yana gharama zake kila mwaka: godoro, unga, madaftari ya watoto, siku kadhaa bila biashara. Ukimpa mtu mtaji wa shilingi 200,000 huku maji yakimnyang'anya kiasi hichohicho kila masika, umemrudisha pale alipokuwa.

Mfano ninaoutegemea uko jirani na kwetu. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif walikabiliwa na mafuriko ya namna hiihii. Mradi ulioanza mwaka 1994 na kuendelea kwa awamu mbili hadi mwaka 2000 haukukabidhiwa kwa mkandarasi mkubwa. Wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, wakaingia mikataba ya kujenga mifereji, barabara za changarawe na vioski vya maji, wakachimba wenyewe kwa ujira, huku wataalamu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi wakiwasaidia katika usanifu na usimamizi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Ford Foundation yakichangia fedha. Kinachonivutia zaidi ya mifereji yenyewe ni kwamba ujira ulibaki mtaani, ukamfikia mchimbaji, akautumia kwa muuza duka wa hapohapo.

Sasa naomba uzoefu wenu. Mtaa gani umefanya kazi kama hii, na wapangaji walikuwaje baada ya hapo?

Mzawa wa Hananasif

Ndugu mleta mada, umeieleza Hananasif vizuri, lakini umeieleza kutoka kwenye baraza la mwenye nyumba. Mimi nitaieleza kutoka chumba cha uani.

Nilikuwa shule ya msingi wakati mifereji ilipochimbwa, na mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliochimba. Kazi ilipimwa kwa vipande: ukimaliza kipande chako unaondoka, hivyo alianza alfajiri na kabla ya saa sita mchana alikuwa amerudi kupika mihogo ya kuuza jioni. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa na malengelenge, na nakumbuka pia sare mpya niliyonunuliwa kwa ujira huo. Masika iliyofuata maji hayakuingia ndani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia mvua usiku nikaendelea kulala.

Baada ya muda mwenye nyumba alipaka rangi, akaongeza vyumba viwili, akatutangazia kodi mpya. Simwiti mtu mbaya. Nyumba yake sasa ilikuwa kwenye mtaa unaopitika kwa gari, na waliokuwa wakiulizia vyumba walikuwa wafanyakazi wenye mshahara. Sisi tulihamia Tandale, kwenye chumba kilichoingia maji kama kile cha zamani. Mama yangu alichimba mfereji uliomhamisha.

Sisemi msichimbe. Ningekuwa mtaani kwenu ningechimba. Ninachosema ni kwamba yule mama wa vitumbua ameuliza swali ambalo sisi hatukuuliza mapema, na mkiliacha bila jibu mtakuwa mmewaongezea thamani ya nyumba watu wachache kwa jasho la wengi.

Mama Hesabu

Mimi ni mweka hazina wa kikoba huko Temeke kwa miaka mingi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza kwa kutetea mitaji ambayo mleta mada ameipunguzia uzito.

Vikoba havikuletwa na serikali wala benki. Mtindo wake wa kununua hisa kila wiki, kukopeshana kutokana na hisa hizo na kugawana mwisho wa mzunguko ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaja kwetu na kuota mizizi kwa sababu ulikutana na upatu ambao bibi zetu walikuwa wakiucheza tangu zamani. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Nimeona wanawake wakianza na beseni la dagaa na leo wana genge la kudumu. Kwa hiyo mitaji ina kazi yake.

Hata hivyo, baada ya kusoma uzi huu jana usiku nilichukua daftari letu la mikopo la mzunguko uliopita, nikalipitia mstari kwa mstari, na ninawaeleza nilichokiona kwa sababu kimenishangaza mimi mwenyewe. Zaidi ya nusu ya mikopo iliyoandikwa "biashara" haikwenda kwenye biashara. Nawafahamu waliokopa, najua walikoipeleka: kodi ya miezi sita, ada na sare za Januari, hospitali. Tulikuwa tunajiita kikundi cha mitaji, kumbe kwa sehemu kubwa tulikuwa tukimlipia mwanachama pengo la kodi, kisha tukimtoza riba kwa kuwa mwenye nyumba hataki kupokea kwa mwezi.

Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo haina riba, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu fedha nyingi hazikuwa zimerejeshwa, ikarejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Wengi walisema wakopaji ni wadanganyifu. Baadhi yao walikuwa hivyo, na vikundi hewa vilikuwepo. Lakini mimi nawajua walioshindwa kurejesha kwa sababu mtaji wao ulikwenda kwa mwenye nyumba mwezi wa pili. Kwa hilo ninakubaliana na mleta mada zaidi ya nilivyokusudia nilipoanza kuandika.

Mzunguko huu nitapendekeza tuwe na mfuko wa pili, tofauti na wa hisa, wa kodi peke yake: mwanachama anaweka kidogo kila wiki, na kodi yake ikifika, mfuko unamlipia miezi sita bila riba. Wanachama wanane wamekwisha kuniambia wako tayari.

Binti Kurasini

Naomba nichangie kuhusu wapangaji waliojaribu kuacha kuwa wapangaji.

Wazazi wangu walikuwa wamepanga Kurasini wakati eneo lilipotwaliwa kwa ajili ya upanuzi wa bandari, katikati ya miaka ya 2000. Wenye nyumba walifanyiwa tathmini wakalipwa fidia. Mpangaji hakuwamo katika hesabu hiyo, hata kama alikuwa ameishi hapo miaka 20 na biashara yake ikiwa imeegemea bandari. Wakati huo Shirikisho la Watu Maskini Mijini lilikuwa changa, limeanzishwa mwaka 2004, na vikundi vyake vya kuweka akiba vilikuwa vikikusanya fedha mlango kwa mlango. Kwa msaada wa Centre for Community Initiatives, shirika ambalo wengi tunalijua kwa kifupi cha CCI, wanachama waliwahesabu waathirika wenyewe, wakaunganisha akiba, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, wakasajili ushirika wa nyumba. Tofali za kufungamana zilifyatuliwa na wanachama wenyewe, wanawake kwa wanaume. Kisima kirefu kilichimbwa, na majitaka yakajengewa bwawa lenye matete ya kuyasafisha, kwa kuwa bomba la majitaka la jiji halifiki huko.

Ninaposikia watu wakisema kwamba maskini hawezi kumiliki nyumba mjini, nawaambia waende Chamazi wakaone. Mpangaji aliyeachwa nje ya fidia amekuwa mwanachama mwenye nyumba yake, na hadaiwi kodi ya miezi sita na mtu yeyote.

Pamoja na hayo, hesabu ya mleta mada inabidi ikamilishwe. Mama yangu alikuwa mama lishe aliyewapikia vibarua wa bandari. Kutoka Chamazi hadi kule ni takriban kilomita 20. Alijaribu kuamka saa tisa usiku, akapanda daladala mbili na masufuria, nauli ya kwenda na kurudi ikawa inakula faida ya nusu ya sahani alizouza, na baada ya miezi michache aliacha. Alianza upya kwa kuuza chapati hukohuko Chamazi, kwa wateja wachache wenye fedha kidogo. Gharama ya chumba ilitoweka, gharama ya umbali ikaja mahali pake. Waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watawaeleza jambo hilohilo, pengine kwa uchungu zaidi, maana wao hawakuchagua wenyewe pa kwenda.

Ndiyo maana nawaombea mbaki hapohapo mlipo. Kiwanja kilicho mbali si mbadala wa mtaa ulio karibu na kazi.

Mwanakijiji wa Mukuru

Hamjambo ndugu zangu wa Dar es Salaam. Ninaandika kutoka Nairobi, na ninaona mnazungumzia jambo ambalo sisi tumelipigania kwa miaka mingi.

Mukuru ni mitaa mitatu iliyopakana: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Tuko kaya zipatazo 100,000, karibu zote za wapangaji, kwenye ardhi ambayo miaka mingi iliyopita iligawiwa watu binafsi ili wajenge viwanda, na ambayo sehemu kubwa yake haikujengwa viwanda hivyo. Kwa hiyo sisi tuna tabaka mbili juu yetu: mwenye hati asiyeonekana, na mwenye vyumba vya mabati anayekuja kuchukua kodi.

Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996 kwa ajili ya kupinga ubomoaji, ulifanya jambo ambalo nadhani litawafaa. Kabla ya kudai chochote, wanachama wake pamoja na Akiba Mashinani Trust, ambao ni mfuko wa fedha wa Muungano, na watafiti wa vyuo vikuu walihesabu tunacholipa. Walilinganisha mtungi wa maji wa Mukuru na maji ya bomba ya mitaa iliyopangwa, stima ya waya wa wizi na ile ya mita, choo cha kulipia, hata chumba kwa kila mita ya mraba. Ilionekana kwamba tunalipa zaidi kwa huduma duni, na jambo hilo likapewa jina: adhabu ya umaskini. Tulipokwenda kwa kaunti tulikwenda na takwimu zetu, hatukwenda na vilio. Mwezi Agosti mwaka 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na mashirika zaidi ya 40 yakagawana kazi ya kuandika mpango: maji, afya, ardhi na fedha, barabara, elimu na mengineyo.

Ushiriki haukuwa mkutano mmoja wa uwanjani ambapo wenye sauti kubwa huzungumza na wengine hupiga makofi. Kaya kumi zilichagua mwakilishi mmoja, wawakilishi wakakutana, nao wakachagua wengine, mpaka sauti ya chumba cha mwisho uchochoroni ikafika kwenye meza ya mpango. Barabara zilipopimwa, ni wakazi waliokubaliana nani asogee na asogee wapi, ili asifukuzwe mtu nje ya kijiji.

Sitawaficha kwamba mambo hayakunyooka yote. Novemba 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kwa ajili ya barabara, na tangazo lile la mwaka 2017 halikuwazuia matingatinga. Tuliokuwa na orodha za kaya zetu tuliweza kuonyesha ni nani aliyekuwa akiishi wapi. Asiyeandikwa popote hakuwa na cha kuonyesha.

Kuhusu swali la kodi, tazameni Kambi Moto, Huruma, hapahapa Nairobi. Ardhi ilikuwa ya halmashauri ya jiji, na mwaka 2003 wakazi walikubaliana nayo kujenga upya. Wenye vyumba na wapangaji walijadiliana muda mrefu, wakafikia kwamba kila mmoja apate nyumba moja, aliyekuwa na vyumba kumi sawa na aliyekuwa amepanga kimoja. Viwanja ni vidogo sana, takriban mita za mraba 20, hivyo nyumba zilipanda kwenda juu. Makubaliano hayo yalifanyika kabla ya tofali la kwanza, na sidhani yangewezekana baadaye.

Fundi Ramani

Nilisoma Ardhi, na nilishiriki Ramani Huria tangu ilipoanza mwaka 2015, tulipokuwa tukipita mitaani na wakazi tukichora nyumba, mifereji na maeneo yanayofurika. Tandale ilikuwa imetangulia kuchorwa hivyo mwaka 2011. Nitaongeza mambo mawili ya kiufundi, kwa sababu nia njema haizuii maji.

Kwanza, ndugu mleta mada hajasema mfereji wake unaishia wapi. Mfereji unaokusanya maji ya mteremko na kuyaacha kwenye mpaka wa mtaa haupunguzi mafuriko. Unayahamishia kwa jirani wa chini, naye kwa kawaida ni maskini kuliko wewe. Shaurianeni na mtaa wa bondeni kabla ya kupiga kamba. Nendeni na wazee, kwa sababu wao wanakumbuka njia ya maji ya zamani kabla haijajengewa, na mara nyingi kumbukumbu yao inaafikiana na vipimo vyetu. Pimeni pia mwinuko: mfereji wenye mteremko mdogo mno hujaa mchanga, mchanga huvuta taka, na baada ya masika mbili mtakuwa mmejenga dampo refu la zege. Tengeni siku ya kuzibua kila mwezi na mwandike ni nyumba zipi zina zamu.

Pili, mfereji wa mvua usiruhusiwe kuwa bomba la choo. Watu wataelekeza majitaka humo usiku. Keko Machungwa, na baadaye Vingunguti, wakazi walijengewa mfumo mwepesi wa majitaka wenye mabomba membamba yanayopita uchochoroni kwa kina kifupi, kila nyumba ikiunganishwa, na gharama yake ni ndogo kuliko ile ya mfumo wa kawaida. Kazi ngumu pale haikuwa mabomba. Ilikuwa kuwapata majirani wakubaliane bomba lipite nyuma ya chumba cha nani. Mkifanikiwa katika mfereji, hiyo ndiyo hatua inayofuata, kwa kuwa choo kinachofurika ndicho kinachowarudisha watoto hospitali.

Mpangaji wa Bondeni (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilichapisha michango yenu nikaipeleka kwenye kikao cha kamati, na tulibaki pale mpaka saa nne usiku.

Ndugu Fundi Ramani, mfereji wetu ulikuwa unaishia mpakani, kama ulivyoshuku. Wajumbe wawili wamekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa chini, na tumekubaliana kutembea njia nzima ya maji pamoja nao mpaka mtoni kabla ya kuchora chochote. Huenda kazi ikachelewa kwa msimu mmoja. Afadhali hivyo kuliko kumwagia mwenzetu maji yetu.

Mama Hesabu, wazo lako la mfuko wa kodi limechukuliwa na vikundi viwili vya hapa kwetu, lakini kuna nyongeza iliyotoka kwa mwenye nyumba mmoja, mzee mstaafu, ambayo sikuitarajia. Alisema yeye hudai miezi sita kwa sababu amewahi kupangisha watu wakahama usiku na deni. Kikundi kikimdhamini mpangaji wake, yuko radhi kupokea kodi kwa mwezi. Tumemwomba aseme hayo mbele ya mkutano.

Sasa kuhusu swali kuu. Baada ya kusikia ya mama yake Mzawa wa Hananasif, mjumbe mmoja mwenye nyumba alitaka tuongeze maneno ya jumla, kwamba "wenye nyumba wanaombwa kuwa na utu". Nilikataa, na wengi walikataa pamoja nami, kwa sababu utu hauna saini. Tumeandika rasimu ya makubaliano yatakayowekwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, nakala moja kwa kila upande. Mwenye nyumba ambaye mfereji utapita mbele ya nyumba yake anakubali kutopandisha kodi kwa miaka mitatu tangu kazi ikamilike, kwa kila mpangaji aliyechangia. Mchango unaweza kuwa fedha au siku za kazi, na siku moja ya kuchimba ina thamani ileile iwe ya mwenye nyumba au ya mpangaji. Mpangaji akihamishwa kabla ya miaka mitatu bila kosa, mwenye nyumba anamrudishia mchango wake wote. Anayekataa kusaini hatanyimwa mfereji, maana maji hayachagui, lakini jina lake litasomwa mkutanoni.

Najua makubaliano haya hayana nguvu ya sheria kama mkataba wa wakili. Mwanakijiji wa Mukuru ametuonyesha hata tangazo la kaunti lilivyopitwa na matingatinga. Nguvu yake itakuwa majirani waliochimba pamoja na wanaomjua aliyesaini. Kaya kumi kumi zitachagua wawakilishi, na angalau mmoja katika kila wawili awe mpangaji. Mama wa vitumbua amechaguliwa tayari na uchochoro wake.

Daftari la michango litakuwa na namba ya nyumba, jina la mwenye nyumba, kiasi kilichotolewa na siku zilizofanyiwa kazi. Kama kuna kasoro, tuambieni kabla hatujaanza.

Binti Kurasini

Kasoro moja ninayoiona ni muda. Miaka mitatu ihesabiwe tangu mpangaji aanze kuchangia, siyo tangu kazi ikamilike, au mkubaliane kwamba kodi haitaguswa wakati wa ujenzi pia. La sivyo kodi itapandishwa kazi ikiwa katikati, kisha miaka mitatu ianzie kwenye bei mpya.

Mzawa wa Hananasif

Nakubaliana na Binti Kurasini, nami nina ombi kuhusu daftari.

Mmeandika namba ya nyumba na jina la mwenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na ndivyo ilivyokuwa Kurasini kwenye fidia. Mama yangu alichimba kwa miezi mingi, na siku tulipohama hapakuwa na karatasi yoyote mtaani yenye jina lake. Hata leo nikitaka kumwonyesha mwanangu kwamba bibi yake alikuwa mmoja wa waliojenga mifereji ile, nina maneno yangu tu. Tafadhali andikeni jina la mpangaji. Aliandike mwenyewe kama anaweza, au aweke dole gumba.

Mpangaji wa Bondeni (mleta mada)

Tumerekebisha yote mawili. Kodi haitaguswa kuanzia siku ya mchango wa kwanza, na miaka mitatu itahesabiwa baada ya kazi kukamilika. Safu ya kwanza ya daftari sasa ni jina la anayeishi chumbani, ya pili ni mwaka aliohamia, na namba ya nyumba imesogezwa hadi ya tatu. Tunaanza kuandikisha Jumamosi saa kumi jioni, kuanzia vyumba vya chini kabisa, ambavyo huingia maji kabla ya vingine vyote.